Uwanja Uliofagiwa na Maboga Yasiyozaa

Jumamosi moja ya soko tulishuka Tengeru, kando ya barabara kuu iendayo Moshi, tukapita kati ya mikungu ya ndizi, mafungu ya parachichi na mboga za majani. Tulikuwa tukitafuta miche ya mrehani. Mahali pauzwapo majani ya maboga tulimkuta bibi mmoja ambaye tumezoeana naye kwa miaka mingi. Kwa desturi mbele yake hupangwa maboga makubwa kama mitungi. Siku hiyo palikuwa na majani matupu.

"Shikamoo bibi. Maboga yamekwisha mapema hivi?"

"Marahaba wanangu. Hayakwisha, hayakuwapo. Maua yanachanua mpaka shamba linang'aa, kitoto cha boga kinatokea, baada ya siku tatu kinageuka njano na kuanguka. Huu ni msimu wa pili."

Kisha akasogea karibu, akashusha sauti. Alikwisha kubadilisha mbegu. Alikwisha kutia samadi. Lililobaki, kwa maoni yake, lilikuwa jicho la mtu, na mtu huyo alikuwa jirani yake wa upande wa chini, ambaye nyanya zake zilikuwa zikistawi. Tangu Idi walikuwa hawasalimiani. Wajukuu wawili alioachiwa na marehemu binti yake walikatazwa kwenda kucheza upande ule.

Wasomaji wa safu hii wanajua kwamba si desturi yetu kuingilia mambo ya watu bila kuombwa. Lakini bibi alituomba, nasi tukaona kwamba maboga yasiyozaa yamekwisha kuvunja undugu wa nyumba mbili. Tukakubaliana kurudi kesho yake, mara baada ya Alfajiri.

Tuliyoyaona asubuhi

Nyumba ya bibi iko kwenye njia iteremkayo kuelekea Ziwa Duluti. Uwanja wake ulikuwa umefagiwa mpaka alama za ufagio zikaonekana kama mistari ya daftari. Miaka miwili iliyopita mwanawe alimtumia fedha za kujenga ukuta, na ule ua wa zamani wa vichaka, pamoja na mrehani, vivumbasi na magugu yenye maua yaliyokuwa yakiota chini yake, ukang'olewa wote ukachomwa moto. Lililobaki ni bogenvilia moja langoni.

Tulikaa kando ya maboga tangu jua lilipochomoza. Maua yalikuwa wazi, makubwa, ya rangi ya dhahabu. Sisimizi walipita. Nyuki alikuja mmoja tu, akatua, akaondoka. Ilipofika saa mbili jirani akatokea na pampu mgongoni, akaanza kupulizia nyanya zake, na upepo mdogo ukaleta harufu ya dawa mpaka tulipokaa. Saa nne maua ya maboga yalikuwa yameanza kujikunja. Siku yake ilikuwa imekwisha.

Yafaa tueleze hapa jambo ambalo wengi wetu hatukulitilia maanani tulipolisoma shuleni. Mmea wa boga huwa na maua ya namna mbili. Ua dume husimama juu ya kikonyo kirefu chembamba, na aghalabu hutangulia kuchanua. Ua jike hutambulika kwa kiboga kidogo kilichokaa chini yake hata kabla halijafunguka. Ungaunga wa ua dume, uitwao chavua, ni mzito na wa kunata, hauwezi kupeperushwa na upepo. Sharti ubebwe na mdudu, na huyo aghalabu ni nyuki. Ua jike hufunguka asubuhi moja tu. Likikosa mgeni wake asubuhi hiyo, au likipata chavua haba, kile kiboga hugeuka njano na kudondoka. Wala si mbegu mbaya, wala si jicho.

Tulichuma ua dume moja, tukaondoa majani yake ya dhahabu, tukagusisha kitovu chake ndani ya ua jike lililokuwa wazi, kwa utaratibu kama mtu apakaye wanja. Tukafanya hivyo kwa maua manne. Mjukuu mkubwa akafunga uzi mwekundu kwenye kila kikonyo ili ajue ni yapi. Mwenye bustani anayesumbuliwa na jambo hili anaweza kulijaribu kesho asubuhi, kabla ya saa tatu. Likifanikiwa, amepata jawabu: kwake kinachokosekana ni nyuki.

Mgeni aliyetajwa katika Kitabu

Waislamu hatuna udhuru wa kumpuuza mdudu huyu. Sura nzima ya Qur'ani imeitwa kwa jina lake, An-Nahl. Katika aya ya 68 na ya 69 Mwenyezi Mungu anataja kwamba alimfunulia nyuki afanye makazi milimani, mitini na katika vile wanavyovijenga watu; kisha ale katika matunda ya kila namna; kisha ndipo inapotajwa ile dawa itokayo matumboni mwake. Tuzingatie mpangilio huo. Makazi yametangulia, chakula kikafuata, asali ikaja mwisho. Sisi tunaitaka asali na matunda, ilhali makazi tumeyachoma moto na chakula tumekifagia. Katika hadithi aliyoipokea Ibn Abbas, na iliyomo katika mkusanyiko wa Abu Dawud, nyuki ni miongoni mwa viumbe wanne ambao Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza wasiuawe.

Bibi alituuliza swali la haki: "Je, usafi si katika imani? Mnataka niache uwanja uwe pori?" Hapana. Usafi ni kuondoa uchafu, na ua la mrehani si uchafu. Tena uwanja wa udongo uliofagiwa si adui wa nyuki moja kwa moja, kwani wako nyuki wengi wasioishi mzingani, ambao kila jike huchimba tundu lake ardhini na kulea watoto wake peke yake. Anayewafukuza hao ni saruji na vitofali vinavyofunika uwanja mzima. Basi fagia mbele ya mlango, na fagia njia ya wageni. Lakini kando ya ukuta acha ukanda wa hatua moja au mbili, uwe wa maua.

Tupande nini?

La kwanza ni mrehani pamoja na ndugu yake kivumbasi. Mrehani ndio ule akina bibi wa mwambao watiao katika kikuba, na manukato ya jamii yake yametajwa katika Surat Ar-Rahman. Maua yake ni madogo, lakini nyuki huyazunguka tangu asubuhi hadi jioni. Wapishi huyakata ili majani yasikome. Sisi tunashauri kukata mashina nusu na kuyaacha nusu yachanue.

La pili ni mboga zenyewe. Usiing'oe giligilani yote, wala figili yote, wala sukumawiki yote. Acha mashina mawili matatu yazeeke na kutoa maua; nyuki watapata chakula nawe utapata mbegu. Panda alizeti kwenye pembe, na mbaazi kando ya ukuta. Mbaazi hudumu zaidi ya msimu mmoja, maua yake ya njano hupendwa na nyuki wadogo kwa wakubwa, na chakula chake mwakijua. Tengeru ni mahali pa bahati katika mambo haya, kwani hapo ndipo zilipo taasisi za utafiti wa mboga na matunda, ambazo kwa miaka mingi zimehifadhi na kuboresha mbegu za mboga zetu za asili kama mnavu, mgagani na ngogwe.

La tatu ni miti. Mringaringa, ambao wazee wa Meru na Kilimanjaro waliuacha katikati ya migomba na mibuni, hutoa maua meupe tele yenye utamu, na mbao zake huchongwa mizinga. Mgrevilea uliletwa kutoka Australia kwa ajili ya kivuli cha kahawa, nao una maua ya utamu mwingi. Asiye na nafasi ya mti mkubwa apande mlonge au mlimau.

La nne ni kuchagua ua kwa kazi yake na si kwa sura yake tu. Bogenvilia ni pambo zuri, lakini rangi ile tunayoiona ni ya majani yaliyozunguka maua, na maua yenyewe ni madogo mno, yenye faida haba kwa nyuki. Waridi lililojaa petali nyingi zilizobanana mara nyingi halimpi mdudu njia ya kuingia. Ua rahisi, lililo wazi, lenye kitovu kinachoonekana, ndilo mezani kwake.

La tano ni kupanga mwaka. Hapa kwetu masika huanza Machi hadi Mei, kisha baridi, kisha vuli ya kuelekea mwisho wa mwaka. Ukipanda maua yanayochanua mwezi mmoja tu, nyuki watashiba mwezi mmoja na kufa njaa miezi inayofuata. Mchanganyiko wa mimea saba au minane wafaa kuliko shamba zima la ua moja. Na katika miezi mikavu weka sahani ya maji yenye vijiwe ndani yake, ili nyuki wapate pa kusimama wasizame. Badilisha maji hayo kila siku mbili, isije ikawa tumefuga mbu.

Tahadhari nasi hatutaiacha. Lantana na alizeti mwitu hujaa nyuki na vipepeo, lakini yote mawili ni mimea ya kigeni itokayo Amerika, nayo huenea ikameza malisho na kingo za misitu. Ikiwa imekwisha kuota kwako itumie, ikate isitoe mbegu, lakini usiende kuileta upya, hasa jirani na msitu wa Duluti.

Kipepeo ana meza mbili

Kipepeo huhitaji zaidi ya nyuki. Akiwa mzima hunywa utamu wa maua. Akiwa kiwavi hula majani, tena si majani yoyote, bali ya mimea maalumu ambayo mama yake aliichagua kwa ajili yake. Bustani yenye maua bila majani ya viwavi ni hoteli isiyo na chumba cha kulala.

Mfano ulio karibu ni yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano hafifu, aonekanaye Tengeru yote. Hutaga mayai kwenye milimau na michungwa. Kiwavi wake akiwa mchanga hufanana na kinyesi cha ndege, na ni kwa hila hiyo ndege humpuuza. Akikua huwa kijani, na ukimgusa hutoa pembe mbili laini za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Watoto wengi humponda kwa hofu, na wazazi wengi huwaamrisha. Ni kweli kwamba mche mdogo wa mlimau unaweza kumalizwa majani. Basi wahamishe viwavi kwa kijiti uwapeleke kwenye mti mkubwa, ambao hautadhurika kwa kupoteza majani machache. Kisha waonyeshe watoto. Kiwavi hujifunga kwenye tawi, hukaa kimya wiki mbili au zaidi, na siku moja asubuhi hutoka kiumbe mwenye mbawa. Kumweleza mtoto habari ya ufufuo baada ya kuona hilo ni kazi nyepesi.

Mti wa mjohoro nao hulisha viwavi wa vipepeo weupe na wa njano wanaoruka kwa makundi. Wala vipepeo si pambo tu: huko Gede, pwani ya Kenya, tangu mwaka 1993 wanavijiji wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke wamekuwa wakifuga vipepeo na kuuza mabuu yao kupitia mradi uitwao Kipepeo, na msitu ukapata watetezi kwa sababu hiyo.

Riziki iliyo juu ya mabawa

Mwenye kudhani kwamba haya ni mambo ya wapenda maua na atazame miparachichi yake. Ua la parachichi hufunguka mara mbili: mara ya kwanza likiwa jike, likafunga, kisha likafunguka tena siku ya pili likiwa dume. Aina ya Hass huwa jike asubuhi na dume alasiri ya siku ifuatayo. Aina ya Fuerte huwa jike alasiri na dume asubuhi. Ndiyo maana wataalamu hushauri kuchanganya aina hizo mbili shambani. Lakini kuchanganya pasi na nyuki ni kuweka mizigo miwili sokoni bila mchukuzi. Mwaka 2016 jopo la wanasayansi wa kimataifa lilieleza kwamba takriban asilimia 75 ya mazao makuu ya chakula duniani hutegemea, kwa kiasi kidogo au kikubwa, wadudu na wanyama wachavushao.

Tukija kwenye dawa, tusiseme uongo: mkulima wa nyanya asiyepulizia chochote huenda asivune. Lakini iko adabu ya kupulizia. Usipulizie mmea uliochanua kama waweza kungoja. Ukilazimika, pulizia jioni nyuki wakiwa wamekwisha kurudi makwao, upepo ukiwa umetulia. Soma kibandiko, na nunua dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, ambayo makao yake yako hapa hapa Arusha, Ngaramtoni. Ziko dawa zinazoingia ndani ya mmea wote mpaka kwenye chavua. Tatu miongoni mwa hizo, ikiwamo imidakloprido, Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku mashambani mwaka 2018 kwa sababu ya nyuki.

Liko pia jambo lililofanyiwa kazi kwetu kaskazini. Watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela iliyopo Tengeru, pamoja na wenzao wa nje, walijaribu kwenye maharage maji yaliyolowekwa majani ya mimea kama utupa, lantana na alizeti mwitu, yakatiwa sabuni kidogo. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 walionyesha kwamba mavuno yalikaribiana na ya dawa za dukani, gharama ikawa nafuu, na wadudu wenye manufaa wakasalimika zaidi. Hata hivyo utupa huua samaki. Usioshee pampu yake mtoni wala ziwani.

Hofu ya kuumwa

Tunajua swali la kina mama: na watoto je? Nyuki wetu wa Afrika ni wakali wakitetea nyumba yao. Lakini nyuki aliye juu ya ua yuko safarini kutafuta riziki, na hana haja nawe usipomkanyaga au kumshika. Kwa hiyo panda maua mbali kidogo na mlango na mahali wanapochezea watoto, na usiweke mzinga wa nyuki wakali kwenye nyumba zilizobanana. Kundi likitua mtini, msilitupie mawe wala moto. Waondoeni watoto na mwite mfugaji mzoefu au ofisi ya halmashauri pale Usa River. Wako pia nyuki wadogo wasiouma, ambao hukaa katika vigogo na nyufa za kuta. Hao wanafaa kwa familia, na asali yao, ingawa chache, ina thamani kubwa. Mwenye mzio wa sumu ya nyuki asifanye mzaha, aende hospitali mara moja anapoumwa.

Mwisho wa ugomvi

Baada ya wiki mbili tulirudi kwa bibi. Katika maua manne yaliyofungwa uzi mwekundu, matatu yalikuwa yamekamata, na viboga vyake vilikwisha kufikia ukubwa wa ngumi. Bibi aliyatazama kwa muda mrefu. Hakufurahi kama tulivyotaraji. Alisema, "Basi nimemdhania mtu miezi yote hii."

Hakutaka tumsindikize. Alijitanda khanga yake, akachukua fungu la majani ya maboga, akashuka peke yake kwa jirani. Yaliyosemwa huko hatukuyasikia, wala si yetu. Tunalolijua ni kwamba jirani sasa hupulizia baada ya Alasiri, jua likikaribia kuzama, na wajukuu wameonekana wakicheza upande wa chini. Nyuki bado ni wachache. Mrehani uliopandwa kando ya ukuta haujachanua, mbaazi ndiyo kwanza zinaota, na msimu huu bibi atalazimika kuamka mapema na kuyagusisha maua kwa mkono. Bustani iliyobomolewa kwa siku moja hairudi kwa siku moja.

Ndugu wasomaji, Mtume alitufundisha kwamba Muislamu apandapo mti au mmea, kisha akala katika huo ndege, mtu au mnyama, basi huwa ni sadaka yake. Kwa matumaini hayo tunaiomba kila nyumba isomayo safu hii ichague wiki hii mmea mmoja tu wenye ua, iupande ardhini au hata kwenye kopo dirishani, na iwape watoto kazi ya kuhesabu wageni wake. Viwanja vya madrasa na kingo za makaburi yetu navyo vina nafasi ya kutosha. Na yeyote ambaye shamba lake limekataa kuzaa, kabla ya kumtazama jirani, na ayatazame maua yake saa moja ya asubuhi.

Wabillahi tawfiiq.